Kukatika na Kukatakata: Kigeuzi cha Umeme cha Lunga Lunga na Mtihani wa Kiswahili

Utangulizi

Lunga Lunga ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Kwale, kwenye barabara kuu itokayo Likoni na kupitia Ukunda na Msambweni kabla ya kuvuka mpaka na kuingia Horohoro, Mkoa wa Tanga. Kwa mwanaisimu, mji huu ni darasa lisilo na kuta. Kidigo huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Kivumba, lahaja ya Vanga na Wasini, hakiko mbali. Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania hukutana hapo kila uchao, katika foleni za abiria na mizigo. Taa zikizimika jioni, mmoja atasema kuwa stima imepotea na mwenzake atasema kuwa umeme umekatika, na hapatatakiwa mkalimani kati yao.

Hata hivyo, mazungumzo hayo yakisogezwa hatua moja tu mbele, kutoka kwenye kukatika kwa umeme hadi kwenye ufundi wa kuukata kwa makusudi ili utumike vizuri zaidi, lugha hubadilika ghafla. Sentensi huanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza. Pengine haiishi kabisa, ikamalizwa kwa kidole kinachoelekezwa kwenye kifaa. Wako wanaolichukulia jambo hili kuwa ushahidi kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na ya mashairi, wala si lugha ya maabara.

Makala haya yanashikilia kwamba udhaifu huo si wa Kiswahili bali ni wa wale wanaokisomea. Jitihada kubwa imetumika kuorodhesha istilahi, na jitihada ndogo mno imetumika kuandika matini ambamo istilahi hizo zinafanya kazi. Ili hoja hii isiwe ya kinadharia tu, mfano mmoja utafuatwa hatua kwa hatua: usanifu wa kigeuzi rahisi cha umeme kinachotoa volti 5 za kuchajia rununu kutoka kwa betri ya volti 12 inayojazwa kwa nguvu za jua. Msomaji wa isimu na fasihi ataombwa avumilie hesabu chache, kwa sababu mtihani wa lugha umo humo humo ndani ya hesabu.

Tatizo lenyewe

Katika vijiji vilivyo mbali na nyaya za umeme, betri ya volti 12 yenye paneli ya jua ni mali ya thamani. Huwasha taa, huendesha redio, na huchaji rununu, aghalabu kwa malipo kidogo kutoka kwa majirani. Tatizo ni kwamba rununu huhitaji volti 5, si 12. Volti 7 zilizozidi lazima zifanyiwe jambo fulani.

Njia rahisi ni kutumia chipu ya miguu mitatu iitwayo 7805, ambayo hupokea volti 12 upande mmoja na kutoa volti 5 upande wa pili. Rununu ikivuta mkondo wa ampea 1, betri nayo itatoa ampea ile ile 1. Kwa hiyo betri inatoa wati 12, rununu inapata wati 5, na wati 7 zinageuka joto ndani ya chipu. Ufanisi wake ni takriban asilimia 42. Fundi asiyeweka kibati cha kupozea joto hilo ataunguza vidole vyake. Mwenye betri, kwa upande wake, analipia joto asilolihitaji katika pwani ambayo tayari ina joto la kutosha.

Njia ya pili ni ya werevu zaidi. Badala ya kuuzuia umeme kwa nguvu na kuugeuza joto, fundi huukata na kuuachia, huukata na kuuachia, mara maelfu kwa sekunde. Umeme ukiachiwa kwa muda wa asilimia 42 tu ya kila mzunguko, wastani wake utakuwa volti 12 mara 0.42, yaani takriban volti 5. Kilichobaki ni kuulainisha mtiririko huo ili usifike kwenye rununu kwa vishindo.

Kazi hiyo ya kulainisha hufanywa na vipuri vitatu. Koili huhifadhi nishati katika uga wa sumaku wakati swichi imefungwa, na huirudisha wakati swichi imefunguliwa, kwa kuwa ni tabia ya koili kupinga badiliko la ghafla la mkondo, tabia itokanayo na ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831. Diodi huupa mkondo huo njia ya kuzunguka wakati betri imetengwa. Kapasita, mithili ya mtungi chini ya mfereji unaotiririka kwa kusitasita, hupokea vishindo na kutoa mtiririko tulivu. Swichi yenyewe ni transista, kwa maana hakuna kidole kinachoweza kubonyeza mara 5,000 kwa sekunde.

Sarufi ya kukata

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama na kutazama vizuri. Kiingereza hutumia neno moja la jumla kwa kitendo cha kufungua na kufunga swichi. Kiswahili kina mzizi -kat- na viambishi vyake, na ndani ya viambishi hivyo fizikia yote ya kigeuzi hiki imekwisha kupangwa.

Umeme hukatika: kiambishi -ik- cha hali ya kutendeka hakimtaji mtenda, na ndivyo ilivyo kwa raia aliyeketi gizani bila kujua ni nani wa kumlaumu. Fundi hukata: hapa mtenda yupo na nia ipo. Kigeuzi hukatakata: uradidi wa mzizi unaonyesha kitendo kinachorudiwa kwa wingi na kwa mfululizo. Kila tukio la aina hiyo ni mkato, na mikato inaweza kuhesabiwa. Hivyo basi, mtu anayesema kwamba kifaa hiki ni kigeuzi cha kukatakata umeme, chenye mikato 5,000 kwa sekunde, hajatafsiri kitu. Amesema Kiswahili, na mkulima wa Kwale asiyewahi kuona transista atapata picha ya awali iliyo sahihi.

Linganisha na neno masafa, ambalo vyombo vya utangazaji hulitumia kwa dhana ya idadi ya mitetemo kwa sekunde. Wasikilizaji wa redio wa miaka iliyopita walizoea masafa mafupi na masafa ya kati, ambapo masafa yalimaanisha urefu wa wimbi. Sasa, wimbi likiwa fupi, mitetemo yake kwa sekunde huwa mingi. Kwa hiyo kile kilichoitwa masafa mafupi ndicho hicho ambacho kwa matumizi ya leo kingeitwa masafa ya juu. Mwanafunzi anayekutana na maana zote mbili katika ukurasa mmoja anachanganyikiwa, na kosa si lake. Neno marudio linaukwepa mtego huo, na ndilo litakalotumika hapa: kigeuzi cha marudio ya chini ni kile chenye mikato michache kwa sekunde.

Kwa nini marudio ya chini?

Vigeuzi vya kisasa hukatakata umeme mara laki moja kwa sekunde na zaidi, nacho kipimo cha koili zao ni kama punje ya mahindi. Kwa nini basi fundi wa mpakani achague mikato 5,000? Jibu limo katika vipuri alivyo navyo. Kila mkato una gharama: transista haifungi wala haifungui papo hapo, na katika kipindi kile kifupi cha kupita kutoka hali moja hadi nyingine hupoteza nishati kama joto. Transista kuukuu zilizong'olewa kwenye redio na runinga zilizokufa ni nzito wa mwendo. Mikato ikiwa michache, hasara hiyo hupungua. Aidha, nyaya ndefu na mpangilio usio nadhifu, ambao ungevuruga kigeuzi cha marudio ya juu, huvumilika katika marudio ya chini.

Bei ya uvumilivu huo hulipwa kwenye koili. Kwa mikato 5,000, mzunguko mmoja huchukua mikrosekunde 200, na swichi hufungwa kwa takriban mikrosekunde 83 kati ya hizo. Katika muda huo koili hubeba tofauti ya volti 7, yaani 12 kutoa 5. Ikiwa fundi ataruhusu mkondo upande na kushuka kwa ampea 0.4, basi induktansi inayotakiwa ni 7 mara mikrosekunde 83, kugawanya kwa 0.4, ambayo ni karibu milihenri 1.5. Kwa mikato 100,000 ingetosha sehemu moja ya ishirini ya kiasi hicho. Kuhusu kapasita, mikrofaradi 1,000 zitaubakisha mtikisiko wa kinadharia wa volti 0.01 tu, ingawa kapasita kuukuu itazidisha kiwango hicho.

Kuna bei nyingine inayolipwa na masikio. Binadamu husikia mitetemo kati ya takriban 20 na 20,000 kwa sekunde, na mikato 5,000 imo ndani ya mipaka hiyo. Koili isiyokazwa vizuri italia kama nyenje usiku kucha. Hili si jambo geni katika historia ya fani hii. Redio za magari za miaka ya 1930 zilipata volteji ya juu kutoka kwa betri kwa kutumia kibamba cha chuma kilichotetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde na kuukata umeme kama swichi. Mvumo wake ulisikika. Transista ilipozaliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, kibamba hicho kilianza safari ya kustaafu. Fundi wa leo mwenye transista kuukuu hajaachwa nyuma na historia. Amesimama mahali fulani katikati yake.

Jambo la mwisho la usanifu ni usimamizi. Betri ya volti 12 haibaki kwenye 12. Jua likiwa kali na paneli ikiijaza, huweza kufika volti 14.4. Kigeuzi kinachoendelea na asilimia 42 zile zile kitatoa volti 6, na rununu iliyoandaliwa kwa volti 5 itakuwa hatarini. Ni sharti basi saketi ilinganishe volteji inayotoka na kipimo kisichobadilika, kwa mfano diodi ya zena, na kuupunguza muda wa kufungwa kwa swichi volteji ikizidi. Fyuzi nayo iwekwe karibu na betri, kwani betri iliyopigwa shoti huyeyusha waya.

Faida ni nini? Ikiwa kigeuzi kitafikia ufanisi wa asilimia 80, rununu itapata wati zake 5 huku betri ikitoa wati 6.25, yaani takriban ampea 0.52 badala ya ampea 1. Betri hiyo hiyo itachaji karibu mara mbili ya rununu ilizokuwa ikichaji. Kwa familia inayotegemea senti za majirani, hiyo ndiyo tofauti baina ya betri inayodumu na betri inayokaushwa kila usiku hadi ikafa kabla ya wakati wake.

Karakana na kamati

Maelezo yaliyotangulia hayakuhitaji lugha nyingine. Yalihitaji maneno ya aina mbili, na mjadala wa istilahi umekuwa ukizitenga aina hizo pasipo sababu.

Aina ya kwanza ni maneno ya karakana. Mafundi, hasa upande wa Tanzania, husema kusuka mota wanaporudishia nyaya zilizoungua. Katika Kwale, ambako ukili husukwa kuwa mkeka, kitenzi hiki hakihitaji kufafanuliwa: kinabeba subira, hesabu ya mizunguko, na ukweli kwamba kosa la mwanzo huonekana mwishoni. Koili ya milihenri 1.5 husukwa, haitengenezwi tu. Vivyo hivyo, kiini cha koili kikipewa mkondo mwingi kupita kiasi, hufika mahali ambapo hakiwezi kuongeza usumaku, na induktansi huporomoka. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapo bila shida: kiini kimeshiba. Aliyeshiba hali tena, hata akiongezewa sahani.

Aina ya pili ni maneno ya kamati. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo hazifai kubezwa, na sababu yake inapatikana karakanani kwenyewe. Mafundi wengi hutumia neno moto kwa mambo matatu tofauti: volteji, mkondo na nguvu. Waya una moto, betri imeisha moto, chaja ina moto mdogo. Katika betri ya volti 12 utata huu huleta hasara ya vipuri. Katika umeme wa nyumbani wa volti 240 utata huo huo unaweza kuua. Mtu aliyeambiwa kwamba waya hauna moto, kwa maana kwamba taa haiwaki, anaweza kuushika waya ambao volteji yake iko palepale ikisubiri njia ya kupita. Utofautishaji wa volteji na mkondo si anasa ya wasomi.

Kwa hiyo karakana inahitaji usahihi wa kamati, na kamati inahitaji uhai wa karakana. Kinachokosekana ni mahali pa kukutania, na mahali hapo ni matini. Istilahi katika orodha ni kama kipuri katika droo: ina jina na bei, lakini hakuna ajuaye kama inafanya kazi hadi iunganishwe na nyingine na umeme upitishwe.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba karatasi za maelezo ya vipuri zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo kumfunza kijana umeme kwa Kiswahili ni kumfungia mlango. Hoja hii ina uzito, ila inachanganya mambo mawili. Kusoma jedwali la kipuri kwa Kiingereza ni stadi inayohitaji maneno machache na tarakimu nyingi. Kuelewa kwa nini koili hupinga badiliko la mkondo ni jambo la akili, na akili hufanya kazi vizuri zaidi katika lugha inayoimiliki. Aliyeelewa kwa Kiswahili atalisoma jedwali la Kiingereza. Aliyekariri kwa Kiingereza pasi na kuelewa hatafanya lolote kwa lugha yoyote.

Wengine watataja Tanzania. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na bado kitabu cha usanifu wa saketi kwa Kiswahili si rahisi kukiona dukani. Ni kweli. Lakini mtoto wa Horohoro anayeanza sayansi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza mlangoni mwa sekondari, pale hasa ambapo umeme huanza kuelezwa kwa kina. Mwenzake wa Lunga Lunga hufundishwa sayansi kwa Kiingereza tangu madarasa ya juu ya msingi. Wote wawili, mmoja mapema na mwingine kwa kuchelewa, hufikishwa mahali pamoja: kwenye karakana yenye Kiswahili cha vidole. Kilichojaribiwa ni nusu ya daraja, na nusu ya daraja haiwezi kushutumiwa kwa kutomvusha mtu.

Watatu watasema kwamba hii si kazi ya wanafunzi wa Kiswahili bali ya wahandisi. Hapa ndipo lawama inapopaswa kurudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo iliombwa kwa miongo mingi katika makongamano na majarida kama haya. Imepatikana. Aliyeomba shamba akapewa hawezi kumngojea mwingine alilime.

Yanayowezekana

Hatua zinazopendekezwa si za gharama. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na wenzao wa fizikia na uhandisi katika chuo kile kile, ili kila toleo la jarida liwe na walau makala moja inayoeleza kifaa kimoja hadi mwisho: pampu ya kisima, jiko la makaa, kigeuzi cha betri. Mwandishi atakayekwama kwa kukosa neno atakuwa amegundua pengo halisi, si pengo la kubuniwa kongamanoni.

Pili, utafiti wa nyanjani wa istilahi usiishie kwa wavuvi, mafundi wa majahazi na waganga. Hao wanastahili heshima yao, lakini fundi wa redio naye ni msemaji wa Kiswahili, na msamiati wake unazeeka haraka kuliko wa jahazi. Tasnifu inayokusanya maneno ya karakana kutoka Ukunda hadi Tanga ingeonyesha jinsi mpaka wa nchi unavyopita, au usivyopita, katikati ya lugha ya kazi.

Tatu, istilahi mpya ipimwe kwa sentensi, si kwa kura. Neno lisiloweza kunyambulishwa, kukanushwa na kutumika katika onyo la hatari halijakomaa, hata kama limepitishwa na jopo zima.

Hitimisho

Kiswahili hakikosi uwezo wa kueleza jinsi betri ya volti 12 inavyoweza kuchaji rununu ya volti 5 bila kupoteza zaidi ya nusu ya nishati yake. Kukata, kukatika na kukatakata vilikuwamo katika lugha hii kabla ya Faraday kusuka koili yake ya kwanza. Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasomi wa Kiswahili wamekuwa wakikitaka cha mvunguni huku wamesimama wima, wakihesabu istilahi. Karakana ziko wazi, na vijana walioketi ndani yake, pande zote mbili za mpaka, wanaifahamu vyema lugha ambayo wangependa kuelezwa kwayo. Kinachosubiriwa ni maelezo.